Kazi ya Siku Moja: Historia ya Mkonge Ndani ya Saruji, Kutoka Tanga Hadi Garissa

Kabla lori la kwanza la saruji halijavuka Mto Tana, nyumba ya Garissa ilikuwa nyumba ya nyuzi. Aqal ya Kisomali ilianza kwa fito za mizizi na matawi zilizopindwa zikawa kuba, kisha ikavikwa mikeka minene iliyosukwa kwa nyuzi za magome ya galool, mti wa jamii ya migunga. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Wao ndio waliochuna magome, wakayalainisha, wakasokota na kusuka, na mikeka ya bi harusi iliwachukua mama yake na jamaa zake miezi mingi. Nyumba ilikuwa mali ya mke. Malisho yakiisha, aliifungua mwenyewe, akaipakia juu ya ngamia, na kule walikohamia akaisimamisha tena.

Naianza historia ya zege hapa kwa sababu maalumu. Kila kiungo cha aqal kilishikwa kwa kamba, na kila mkeka ulikaa juu ya fito kwa kuvutwa. Kuvutwa ndiko kunakolishinda zege. Ukilibana, zege hubeba ghorofa. Ukilivuta au kulikunja, hupasuka kwa nguvu ambayo ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ile liliyoistahimili lilipobanwa. Ndiyo maana fundi hutia nondo. Wanawake wa kaskazini mashariki walikuwa wakiwapa nyuzi za mimea kazi hiyohiyo ya kuvutwa zamani sana, nondo ikiwa haijasikika huko.

Saruji ilitoka mbali. Kampuni ya East African Portland Cement ilianzishwa 1933, na kiwanda cha Bamburi, jirani na Mombasa, kikaanza kuzalisha 1954. Garissa ya siku hizo ilikuwa boma katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa, ambamo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Kilichokuwa cha mawe ni ofisi, nyumba za maafisa na maduka machache.

Mji ulijazwa na dhiki. Katika vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vya lazima, na mifugo mingi ikapotea. Ukame uliofuata, hasa ule wa 1984, ukawasukuma wengine waliobaki bila wanyama. Kati ya hayo mawili kuna Novemba 1980: baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi uwanjani mwa shule. Watu wengi walikufa, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaandika hayo. Fito na mikeka haiuzuii moto. Mimi simlaumu hata kidogo mzazi wa Garissa aliyeamua baada ya hapo kwamba wanawe watalala ndani ya kuta za mawe, chini ya bati.

Lakini kuta hizo zina bei yake. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni takriban kilomita 370, kupitia Thika na Mwingi. Tana ikifura, barabara hukatika upande wa Madogo, ng'ambo ya daraja, kama ilivyotokea tena katika mafuriko ya 2023 na 2024. Mfuko wa kilo 50 ukifika mjini umekwisha kubeba gharama ya dizeli, na ukiendelea hadi Dadaab, Wajir au Mandera unazidi kupanda. Na njiani, lori likikatiza Ukambani, linapita katikati ya nyua za mkonge zilizopandwa kando ya mashamba. Nyuzi zimesimama pale, bure, futi chache kutoka kwenye magurudumu.

Mkonge huo nao ni mgeni. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ni 62 tu iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai. Kutokana na hiyo yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanganyika, kisha Kenya nayo ikapata yake: Thika, Kibwezi, Mwatate, Vipingo. Kwa wakulima wadogo wa Ukambani ulikuwa ua wa shamba na kinga ya mmomonyoko, na wanawake wakausokota wakapata kamba na viondo. Mnamo 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha kamba za plastiki itokanayo na mafuta zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa 1967, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani elfu thelathini na ushei.

Tatizo la mkonge halikuwa bei peke yake. Jani likipita kwenye korona, ile mashine ya kulikwangua, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 ya uzito wake. Kinachobaki ni maji na majimaji ya kijani yaliyotupwa mitaroni. Hata katika hiyo asilimia 4 kuna nyuzi fupi, zilizokatika au kudondoka kwenye chumba cha burashi, ambazo mtengeneza kamba hazitaki. Zege halina haja na uzi mrefu. Uzi wenye urefu wa pingili moja ya kidole unalitosha. Hapo ndipo baadhi ya watu walipoanza kuzitazama zile taka kwa jicho jingine.

Mazingira ya dunia yaliwasaidia. Bei ya mafuta ilipaa 1973, na bati la kuagizwa likapaa nayo. Vibao vya asibesto na saruji, vilivyobuniwa na Ludwig Hatschek wa Austria mwanzoni mwa karne ya 20, vilikuwa vimeezeka nusu ya dunia, lakini sasa ilikuwa wazi kwamba vumbi la asibesto huua mapafu. Basi swali likawa jepesi kulitamka: ikiwa nyuzi za jiwe zinaweza kukaa ndani ya saruji, kwa nini nyuzi za mmea zisiweze?

Mwaka 1975 Lennart Nilsson alichapisha nchini Sweden ripoti kuhusu kuimarisha zege kwa mkonge na nyuzi nyingine za mimea. Baada yake, Taasisi ya Saruji na Zege ya Sweden ikashirikiana na Kitengo cha Utafiti wa Majenzi cha Dar es Salaam. Nairobi nayo haikulala. Katika Chuo cha Kenyatta, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, D. G. Swift na R. B. L. Smith walitengeneza vibao vya saruji na mkonge, na 1979 wakachapisha matokeo yao kuhusu jinsi vinavyohimili kukunjwa. Kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi, T. J. Bessell na S. M. Mutuli walipima kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi kukipima: jinsi uzi mmoja unavyoshikamana na saruji iliyouzunguka. Dar es Salaam alikuwako A. S. Mawenya. Novemba 1983 watafiti wa fani hiyo walikutana Nairobi katika kongamano la vifaa vya ujenzi vya nyumba za gharama nafuu Afrika. Kwa miaka michache, mji huu wetu ulikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya elimu hiyo duniani, na nadhani tumelisahau hilo upesi mno.

Walichokigundua kilitia moyo. Uzi wa mkonge ukivutwa hustahimili mkazo unaoweza kulingana na ule wa chuma cha kawaida. Tofauti ni kwamba hunyumbuka: kwa mkazo uleule, hurefuka karibu mara kumi zaidi ya chuma. Kwa hiyo hauzuii ufa wa kwanza. Kibao cha saruji tupu kikipasuka huanguka vipande viwili kichwani mwa aliye chini. Kibao chenye mkonge hupasuka, lakini nyuzi huvuka ufa na kukishikilia, na mwenye nyumba hupata nafasi ya kuona na kukibadilisha.

Teknolojia ikatoka maabara. Shirika la Intermediate Technology Development Group, lililoanzishwa Uingereza 1966 na E. F. Schumacher na wenzake, pamoja na kampuni ya mhandisi John Parry, walianza na vibao vikubwa vyenye mikunjo kama ya bati. Vibao hivyo vilikuwa vizito, vikavunjika njiani na vikapasuka juu ya paa. Katika miaka ya 1980 wakageukia vigae vidogo, na karakana zikafunguliwa nchini Kenya na kwingineko. Kazi yenyewe ilivutia kuitazama. Fundi alichanganya saruji sehemu moja na mchanga sehemu tatu, akatia nyuzi zilizokatwa kwa panga au shoka hadi sentimita moja au mbili, kiasi cha asilimia moja tu ya uzito. Alitandaza mchanganyiko juu ya karatasi ya plastiki kwenye meza inayotikiswa na mota ndogo, ambayo betri ya gari iliitosha. Kigae kikiwa bado kibichi, alikivuta kwa ile plastiki hadi kwenye kalibu yenye mgongo, ambako kilichukua umbo lake. Kesho yake alikitoa na kukitumbukiza kwenye tangi la maji kwa wiki moja ili kikomae. Kigae kilikuwa na nusu mita kwa robo mita, unene wa milimita 6 hadi 10, na kumi na vitatu hivi vilifunika mita moja ya mraba. Watu wachache, bila umeme wa gridi, waliweza kuezeka mtaa.

Halafu nyuzi zikaanza kufa. Vibao vilivyokaa miaka michache juani na mvuani, vikivunjwa, havikushikamana tena: vilikatika kama saruji tupu. Mswidi Hans-Erik Gram ndiye aliyeeleza kwa kina sababu yake, katika utafiti alioutoa 1983. Uzi wa mkonge si kitu kimoja. Ni fungu la seli nyembamba, kila moja urefu wa milimita chache, zilizogandishwa pamoja kwa lignini na hemiselulosi. Maji yaliyomo katika vitundu vya saruji ni makali mno, pH yake hukaribia 13, nayo huiyeyusha gundi hiyo polepole. Seli zikiachana, uzi mrefu unakuwa vipande vya milimita chache visivyoweza kuvuka ufa. Chokaa inayozaliwa saruji inaposhika huingia pia ndani ya seli na kuzifanya ngumu na rahisi kukatika. Kinachoharakisha haya yote ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, katika joto. Kila mvua huleta maji makali mapya kwenye uzi, na kila jua huondoa yaliyokwisha kazi.

Gram alitafuta dawa akaipata: ukiondoa sehemu kubwa ya saruji, asilimia 40 au zaidi, ukaweka vumbi laini la silika litokalo kwenye tanuri za kuyeyushia madini, ukali hushuka na nyuzi huishi. Vumbi hilo lilikuwa Skandinavia. Huku kwetu lilikuwako jibu la jamii moja, majivu ya maganda ya mpunga, na Chuo Kikuu cha Nairobi kililifanyia kazi katika miaka ya 1990. Ila majivu hayo yanahitaji kuchomwa kwa joto linalodhibitiwa na kusagwa kwa muda mrefu, na karakana ndogo za vigae hazikuwa na uwezo huo.

Waliokuwa wakitengeneza vigae, wakati huo, walikuwa wamekwisha kuona jambo ambalo maabara ililichelewa. Vigae vya miaka mitano, vyenye nyuzi zilizokwisha kuoza, havikuwa vimeanguka. Kigae kilichochanganywa vizuri, kikatikiswa vizuri na kukomazwa majini, kilikaa paani kwa nguvu ya saruji yake. Nyuzi zilikuwa zimefanya kazi yao mapema: zilikishikilia kigae kibichi kisichanike kilipokuwa kikivutwa kutoka mezani hadi kwenye kalibu, na zilizuia nyufa za saa za kwanza. Basi mafundi wengi wakaamua kuziacha kabisa, wakatumia mchanga uliochaguliwa kwa uangalifu zaidi, na vigae vikaitwa vya zege laini. Mkonge ukatoka kwenye hadithi, na faili likafungwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na waliolifunga. Mkonge ulihukumiwa kwa kazi ambayo haikuwa yake. Mkunga hadaiwi kumlea mtoto hadi aoe. Anadaiwa azaliwe salama. Nyuzi zilifaulu katika saa 24 za kwanza, na kwa sababu hazikufaulu katika mwaka wa kumi zikatupwa. Sehemu za mvua na vigae zingeweza kuishi bila msaada huo wa saa 24, maana kigae kilipelekwa tangini. Garissa haiwezi.

Mtu akitaka kuona kwa nini, na atazame sakafu ikimwagwa huko Februari. Joto la mchana hupita sentigredi 34, upepo ni mkavu, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 300 hivi. Fundi akimwaga zege saa nne asubuhi, maji ya juu hukauka haraka kuliko yanavyopanda kutoka chini. Uso unajikunyata wakati tumbo bado ni tope, na kabla ya alasiri nyufa nyembamba zimeshasambaa. Dawa ya vitabuni ni kumwagilia kwa siku saba na kufunika. Lakini maji ya kumwagilia ni yale yaliyoletwa kwa mkokoteni wa punda, na mama wa nyumba hawezi kuyamwaga sakafuni huku mtungi ukiwa mtupu. Nyuzi fupi zilizotawanyika ndani ya zege hushona nyufa hizo zikiwa bado changa, na kiasi kinachohitajika kwa kazi hiyo ni kidogo sana, chini ya asilimia moja ya ujazo. Zikioza baada ya miaka, hakuna tena zinachodaiwa.

Na huenda hata hazitaoza upesi. Gram mwenyewe alionyesha kwamba pale ambapo hewa imekwisha kuingia ndani ya saruji na kuupoza ukali wake, nyuzi hubaki hai. Kinachoziua ni kulowa na kukauka kila mara, na Garissa hailowi mara nyingi. Teknolojia hii ilijaribiwa Dar es Salaam kwenye unyevu wa bahari, na Nairobi kwenye misimu miwili ya mvua. Ilishindwa ambako hali ya hewa iliipinga zaidi, na ambako hali ya hewa ingeisaidia haikupelekwa.

Sababu moja ilikuwa sheria. Kanuni za ujenzi za Kenya za 1968 zilirithi viwango vya Uingereza na zilikitambua kifaa cha kudumu kwa jina lake, si kwa utendaji wake; zililegezwa 1995 tu. Sababu nyingine ilikuwa siasa. Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991, zikakusudiwa watu 90,000, na katika njaa ya 2011 zikakaribia watu nusu milioni. Wanawake walisimamisha aqal zilezile za mababu, ila badala ya mikeka waliweka turubai na matambara, kwa sababu miti ilikuwa imekwisha. Mashirika yalipoanza kujenga kwa matofali ya udongo yenye saruji kidogo huko Ifo 2, serikali iliyazuia, ikihofia makazi ya kudumu. Utafiti wa nyumba nafuu ukafa pale ambapo ulihitajika kuliko mahali pengine popote nchini.

Sasa upepo umegeuka. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinakusudia kuzigeuza kambi ziwe sehemu ya miji ya kaunti. Vikitekelezwa, saruji itakayomwagwa kati ya Garissa na Dadaab katika miaka kumi ijayo ni nyingi sana, na sehemu kubwa itakuwa sakafu, plasta, vifuniko vya vyoo na matangi madogo: vitu vyembamba vinavyopasuka siku ya kwanza. Wenye miradi mikubwa tayari hununua nyuzi za kuzuia nyufa hizo. Ni za plastiki ya polipropilini, kifaa kilekile kilichoua soko la kamba za mkonge miaka sitini iliyopita, na zinaletwa kutoka ng'ambo kupitia barabara ileile inayokatiza nyua za mkonge za Mwingi. Hilo linaniuma.

Kuna mipaka, na nisipoitaja nitakuwa nimemdhuru mtu. Nyuzi za mimea hazichukui nafasi ya nondo katika nguzo, boriti wala slabu ya ghorofa. Anayezitumia hivyo anajenga kaburi. Nyuzi za migomba, ambayo mashina yake huachwa yaoze katika mashamba ya kando ya Tana, zina sukari inayochelewesha saruji kushika, kwa hiyo lazima zioshwe na kukaushwa kabla. Nyuzi zikizidi hujisokota zikawa mafundo, na maji yakiongezwa ili kuyalainisha, zege linadhoofika. Upande wa pili wa mizani kuna jambo ambalo mafundi wa Wajir na Dadaab watalielewa mara moja: maji ya visima vingi vya huko yana chumvi, na chumvi hula chuma ndani ya zege hadi zege lenyewe lipasuke. Nyuzi hazina kutu.

Jaribio lenyewe halihitaji mfadhili mkubwa. Chuo Kikuu cha Garissa kipo mjini. Mchanga wa laga, yale makorongo makavu, upo. Gunia la nyuzi fupi linaweza kupandishwa lori lolote linalosimama Mwingi. Zimwagwe slabu mbili za mita moja kwa mita moja, unene uleule, saruji ileile, moja ikiwa na mkonge na nyingine bila, saa sita mchana, Februari, pasipo kufunikwa. Nyufa zihesabiwe na kupimwa upana kabla ya magharibi. Kisha slabu hizohizo ziachwe palepale miaka mitano, zivunjwe, na nyuzi zichomolewe zikunjwe kwa vidole, ijulikane kama bado zinakunjika.